Miaka Minane kwa Mchezo Mmoja

(Maneno aliyoyasema mwanachama mmoja wa umoja wetu bwaloni, siku ya kukutana kwa wanafunzi wa zamani. Yamechapwa kama yalivyosemwa, isipokuwa vicheko.)



Barua ya Ndugu Katibu iliniomba nizungumze juu ya Kompyuta na Maendeleo. Ni mada nzuri, lakini naona wengi wenu mmekwisha isikia mara nyingi kiasi cha kuweza kunitangulia katika kila sentensi. Kwa hiyo naomba ruhusa nizungumze juu ya jambo dogo zaidi ninalolijua vizuri zaidi, nalo ni mchezo wa video. Naam, gemu. Naona Mwalimu wa Nidhamu amekwisha inua kichwa. Mwalimu, nivumilie kidogo, kwa maana nimekuja pia kukiri kosa.

Mwaka 2008 nilikuwa kidato cha tatu katika shule hii. Wakati huo pale Nachingwea mjini, nyuma ya soko, palikuwa na banda la mabati lenye televisheni tatu za chogo na mashine tatu za PlayStation 2. Kucheza nusu saa kulikuwa shilingi mia mbili. Mwenye banda alikuwa na memori kadi moja tu kwa mashine zote, akiivaa shingoni kwa kamba kama hirizi, na ukitaka kuhifadhi ulipofikia unamlipa hamsini. Mara nyingi ulirudi siku ya pili ukakuta mtu amekwisha hifadhi ya kwake juu ya ya kwako. Safari yako ya wiki nzima imefutika, unaanza tena mlangoni.

Nilikuwa nakwenda huko na mwenzangu mmoja kutoka Ruangwa. Tulikuwa tunatoroka wakati wa kujisomea usiku. Sitamtaja jina, ingawa yumo humu ndani na baadhi yenu mmekwisha mgeukia.

Mchezo tuliokuwa tukiufuata unaitwa Resident Evil 4. Ulitengenezwa na kampuni ya Capcom ya Japani, ukatoka mwaka 2005. Habari yake ni fupi: binti wa Rais wa Marekani ametekwa nyara, na kijana mmoja, Leon Kennedy, anatumwa kumtafuta katika kijiji cha mbali huko Uhispania. Wanakijiji wameingiwa na vijidudu vinavyowatawala akili, nao wanamfuata kwa mashoka na mikuki. Walikuwa wakipiga kelele kwa Kihispania, lugha ambayo hapana mtu bandani aliyeijua. Mwenzangu alishikilia kwamba ni Kimwera cha zamani sana, akawa anatutafsiria. Mpaka leo nikisikia Kihispania katika taarifa ya habari nacheka peke yangu.

Mimi nilikuwa nacheza. Yeye alikuwa anaangalia. Hiyo ndiyo tofauti yetu, na sikuitambua mpaka nilipokuwa mtu mzima. Zamu yake ikifika alikuwa anamwacha Leon amesimama tu, huku muda wa kulipiwa ukiyoyoma, akachungulia ukuta wa kanisa. Alikuwa na daftari la mistari ya mraba, lile la hisabati, na ndani yake alichora ramani ya kijiji kile chote: nyumba baada ya nyumba, kisima, zizi, mnara wa kengele, na njia ya kwenda ziwani. Akitaka kujua jiwe limekaaje aliusogelea uso wa televisheni mpaka pua inagusa kioo. Lakini kadiri alivyosogea ndivyo jiwe lilivyozidi kuwa uji. Alikuwa anakasirika kweli. Alisema, "Hawa watu wameliona jiwe lenyewe, wakatuletea kivuli chake."

Basi usiku mmoja tulikamatwa. Kwa kweli alikamatwa yeye. Mimi nilikuwa nimekwisha ruka ua. Kesho yake mstarini mwalimu mmoja, ambaye hayupo tena hapa, alilinyanyua lile daftari mbele ya shule nzima, akauliza kama hayo ndiyo mahesabu, akalipasua. Mwenzangu akarudishwa nyumbani Ruangwa kwa wiki tatu, na aliporudi mitihani ya nusu mwaka ilikuwa imepita. Aliulizwa alikuwa na nani. Alijibu, "Peke yangu." Nami nilikuwa nimesimama mstari wa pili, sikufungua mdomo.

Nimekaa na jambo hilo miaka mingi. Naliweka hapa mbele yenu kwa sababu bila hilo haya mengine nitakayosema yatakuwa porojo tu za mtu wa kompyuta.

Sasa niwapeleke mbele hadi Februari 2022. Nikiwa kazini kwangu Mtwara, nikala chakula cha mchana huku nikitazama simu, nikaona habari kwamba watu wawili, Albert Marin wa Uhispania na mwenzake Cris Morales, wamemaliza kuutengeneza upya mchezo ule ule wa Resident Evil 4 ili uonekane kwa usafi wa televisheni za leo. Hawakuwa wafanyakazi wa Capcom wala hawakutumwa na mtu. Walikuwa wapenzi wa mchezo, kama sisi wa bandani. Kazi hiyo waliianza mwaka 2014, wakaitoa ikiwa kamili tarehe 2 Februari 2022. Miaka minane.

Wazee wetu hapa mbele huenda mnajiuliza kuna kazi gani humo ya miaka minane. Naomba nieleze, kwa maana utamu wa jambo hili umo katika ufundi wake.

Ukuta wa mawe ndani ya mchezo wa video si mawe. Ni umbo bapa lisilo na kitu, kama ubao mtupu, na juu yake imebandikwa picha ya mawe, kama vile mtu anavyobandika karatasi ya maua juu ya ukuta wa udongo. Mlango ni hivyo hivyo, pipa ni hivyo hivyo, na hata uso wa mtu ni hivyo hivyo. Mchezo mzima una maelfu ya picha za kubandika. Sasa mchezo huu ulitengenezwa kwanza kwa mashine ya GameCube, ambayo sahani yake moja ilibeba takriban gigabaiti moja na nusu tu. Ilibidi mchezo ukae katika sahani mbili. Kwa hiyo mafundi wa Capcom walipiga picha nzuri za mawe ya kweli na milango ya kweli, halafu wakazikandamiza mpaka zikawa ndogo mno, ili zienee. Katika televisheni ya chogo yenye mistari michache kutoka juu hadi chini, jicho lilidanganyika. Katika televisheni ya leo yenye mistari 1,080, jicho halidanganyiki. Chukueni picha ya pasipoti mkaikuze iwe saizi ya mlango wa bwalo hili. Mtaona pua ni doa, na macho ni madoa mawili.

Mwaka 2014 Capcom wenyewe walitoa toleo la kompyuta wakaliita la usafi wa hali ya juu. Lilikuwa zuri kuliko la zamani, lakini kuta nyingi zilikuwa bado ni uji, uji ulionyooshwa tu. Hapo ndipo Marin alipoanza. Na njia aliyoifuata ndiyo iliyonifanya niweke kijiko chini.

Angeweza kuchora mawe mapya. Siku hizi kuna hata programu zinazobuni mawe zenyewe ukiziambia. Yeye alijiuliza: jiwe hili lilipigwa picha wapi? Akaanza kutafuta majengo yenyewe ambayo mafundi wa Kijapani waliyapiga picha kabla ya mwaka 2005, katika Uhispania kwao na kwingineko Ulaya. Alipolipata jengo, alikwenda na kamera, akasimama pale pale walipokuwa wamesimama, akapiga picha ya jiwe lile lile, ufa ule ule, kutu ile ile ya bawaba. Halafu akarudi nyumbani akaibandika mahali pake. Mahali ambapo hakupata chanzo, alitengeneza kwa mkono akifuata rangi na kivuli cha ile picha ndogo, bila kujitia ufundi wa kuongeza urembo wake. Yeye na mwenzake Morales walirekebisha pia mwanga na makosa ambayo toleo la kompyuta lilikuwa nayo. Walitoa kazi yao sehemu kwa sehemu, bure, wakisaidiwa na michango ya wapenzi wengine, na kila sehemu ikitoka watu waliwaandikia kuwaonyesha ni wapi kivuli kimekosea.

Nililipeleka jambo hilo kwa mwenzangu wa Ruangwa kwa simu. Ana karakana ya kuchomelea mageti huko. Nilimpelekea video ya kijiji, ya zamani na mpya zikiwa ubavu kwa ubavu. Alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akaniandikia mstari mmoja: "Dirisha la pili la kanisa nilichora juu mno."

Ndugu zangu, daftari lile lilipasuliwa miaka kumi na minne kabla ya siku hiyo.

Sitaki wanafunzi mtoke hapa mkasema mgeni rasmi ametuhalalishia kutoroka. La hasha. Nilifeli hisabati mwaka ule, na nusu saa mia mbili zile zilikuwa fedha ya mama yangu ya korosho. Lakini sitaki pia walimu mtoke hapa mkidhani kila anayekodolea macho kioo anafanya jambo moja. Mimi na mwenzangu tulikaa benchi moja, tukitazama kioo kimoja. Mmoja alikuwa anapoteza wakati na mwingine alikuwa anapima jengo. Kulijua hilo kulihitaji swali moja tu, "Hiki ulichochora ni nini?" na hakuna aliyeliuliza. Hata mimi sikuliuliza.

Sasa kuna upande wa pili ambao ni lazima niuguse, hasa baada ya yale niliyoyaona leo asubuhi katika chumba cha kompyuta. Mchezo ni mali ya mtu. Sahani zote za banda lile, narudia zote, zilikuwa za kuchoma. Hapana hata senti moja ya mia mbili zetu iliyofika kwa waliofanya kazi. Kwetu hapa tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo ndiyo iliyounda COSOTA, nayo haimruhusu mtu kuchukua kazi ya mwenzake akaigeuza bila ruhusa kwa kuwa tu anaipenda.

Wapenzi wa michezo wamelijua hilo kwa maumivu. Kuna Mwajentina mmoja, Milton Guasti, aliyeujenga upya kwa karibu miaka kumi mchezo wa Metroid II, ambao kampuni ya Nintendo iliutoa mwaka 1991 kwa ile mashine ndogo ya mkononi isiyo na rangi. Aliutoa wake bure Agosti 2016. Hazikupita siku nyingi, Nintendo wakaandika barua za kisheria, ukaondolewa. Mwaka uliofuata, Septemba 2017, Nintendo wakatoa wa kwao. Watu walikasirika sana, lakini kisheria kampuni ilikuwa imekaa juu ya kigoda chake. Huyu Guasti, kwa bahati njema, baadaye aliajiriwa na studio moja ya michezo, na kazi yake imo katika mchezo wa Ori and the Will of the Wisps wa mwaka 2020. Wengine walipata ruhusa: wale walioujenga upya mchezo wa Half-Life wa mwaka 1998 wakauita Black Mesa, kampuni yenye mali, Valve, iliwaruhusu hata kuuza, nao wakaumaliza mwaka 2020.

Na Marin? Yeye na mwenzake hawakugawa mchezo. Waligawa picha na marekebisho tu, ambayo hayafanyi kazi mpaka uwe umenunua toleo la Capcom. Ni kama fundi anayekupaka rangi nyumba: nyumba kwanza uwe nayo. Sisemi kwamba hiyo ni kinga ya kisheria, mimi si mwanasheria. Lakini kazi yao ilifika mwisho, na Capcom nao wakatoa ujenzi wao mpya mwezi Machi 2023.

Kisha kuna kituko ambacho sikukitarajia. Mwezi Juni 2021 mpiga picha wa Kimarekani, Judy Juracek, aliishitaki Capcom. Alikuwa ametoa kitabu cha picha za kuta, mbao na vioo mwaka 1996, kikiwa na sahani yake ya kompyuta, na anayetaka kuzitumia kibiashara alitakiwa alipie leseni. Alidai kwamba picha zake zisizopungua 80 zimo katika michezo ya Capcom, ukiwamo huu, bila leseni. Mapema mwaka 2022 pande mbili zilipatana nje ya mahakama, kwa hiyo hakuna hukumu ninayoweza kuwatajia. Nawaambia tu ili mjue kwamba swali la jiwe hili lilipigwa picha na nani, wapi, linaweza kumrudia hata mwenye mali.

Narudi chumba cha kompyuta. Asubuhi Ndugu Mkuu alinipeleka kuwaona vijana sita wa kidato cha tatu wanaotengeneza mchezo wao wenyewe. Nilidhani nitaona mpira, Namungo wakiifunga Simba, jambo ambalo katika fainali ile ya Kombe la Shirikisho ya Agosti 2020 lilitukwepa kwa mabao mawili kwa moja. Hapana. Wanatengeneza gari-moshi la Nachingwea. Dereva anatoka bandari ya Mtwara na shehena, anapanda bara, na akichelewa maji yanakwisha katika injini.

Wadogo zetu wengine hamjui kwamba hapa palikuwa na reli. Ililetwa na ule mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 ukafa mwaka 1951, karanga zenyewe zikiwa hazijaonekana sawasawa. Reli ikabaki ikihangaika miaka michache, na mapema miaka ya 1960 ikang'olewa. Naona vichwa vyeupe viwili vitatu hapa mbele vinaitikia. Ninyi mliiona.

Niliucheza mchezo wa vijana wale kwa dakika ishirini. Gari-moshi linakwenda vizuri kabisa, mvuke unatoka, na hesabu ya maji imepigwa barabara. Lakini nilipofika stesheni ya Nachingwea nilikuta jengo la matofali mekundu lenye dohani, na nyuma yake misonobari. Nikawauliza wameitoa wapi. Wakasema kwenye intaneti. Ni stesheni ya Uingereza. Na muziki unaopigwa ni wa msanii wetu maarufu ambaye hajui kwamba yumo.

Muziki nimewaomba wautoe leo hii, au wamwandikie mwenyewe barua ya kumwomba. Stesheni ni jambo kubwa zaidi. Marin alikuwa na picha mbovu ya jiwe, akasafiri kulitafuta jiwe. Ninyi mawe mnayo, mnayakanyaga mkienda kuchota maji. Tuta la reli mnalipita kila siku mkidhani ni kilima. Udongo wake una rangi yake, na hakuna msonobari. Kuna wazee wanaoweza kuwaambia paa lilikuwa la namna gani, na mlango ulifungukia upande gani. Na ile kengele yetu iliyoning'inia chini ya mwembe, ambayo imetuamsha sote tuliomo humu ndani saa kumi na moja alfajiri, mnadhani ni nini? Ni kipande cha reli. Sauti ya chuma chenyewe mnayo, halafu mkachukua mlio wa kompyuta.

Wazee wetu hawa hawatangoja miaka minane. Nasema hivyo kwa heshima, nao wananielewa.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, sina mchango mkubwa wa fedha mwaka huu. Nimeleta kamera moja, nzuri, na kifaa cha kunasia sauti. Nimemkabidhi Ndugu Mkuu navyo ni mali ya shule. Mwenzangu wa Ruangwa ameleta futi kamba ya mita hamsini na daftari jipya la mistari ya mraba. Amekubali kuja Jumamosi mbili kila mwezi kuwafundisha vijana wale kupima na kuchora jengo, kwa sharti kwamba nauli ya pikipiki nilipe mimi. Nimekubali bila kubishana, nadhani mnaelewa kwa nini.

Mwalimu wa Nidhamu, jina langu liandikwe katika kitabu chako cha mwaka 2008, chini ya lake. Nafasi nadhani ipo.

Kesho ni Jumapili. Wanaokwenda kanisani waende kwanza. Saa nne tunakutana chini ya kengele, tunaanzia kwenye tuta. Mje na viatu vya kutembelea, kofia, na maji ya kunywa. Mwenye babu aliyewahi kupanda gari-moshi lile aje naye. Kuna gari dogo la kuwabeba wazee wanne, watano wakibanana.